Sifa Zilizochelewa za Strata-East

Mwaka 2025 kampuni moja ya Marekani, Mack Avenue, ilianza kuzitoa upya santuri za Strata-East, kampuni ndogo ya muziki wa jazi iliyoasisiwa jijini New York mwaka 1971. Tangu hapo sifa zimekuwa zikimiminika. Wahakiki ambao watangulizi wao walizipita santuri hizo bila kugeuza shingo, leo wanaziita hazina, na wengine wanataja bei ya nakala za kwanza kana kwamba bei ndiyo hoja.

Sina ugomvi na sifa. Mwenye kustahili apewe haki yake, hata kama imemchukua nusu karne kuipata. Ugomvi wangu ni na namna sifa zenyewe zinavyotolewa. Wahakiki hawa walichelewa kuusikia muziki, na hata sasa walipousikia, wengi wao hawajalifikia jambo lililoifanya Strata-East iwe Strata-East, nalo ni mkataba. Isitoshe, yako maandishi juu ya majalada yale ambayo wao huyapita kama mapambo tu, ilhali msomaji wa ukurasa huu atayaelewa bila kufungua kamusi.

Kabla sijaendelea, yafaa nimwondolee mwanafunzi utata mmoja. Neno "jazz" hapa kwetu lilipachikwa kwenye majina ya bendi zilizopiga benga, rumba na dansi: Shirati Jazz, Victoria Jazz, Morogoro Jazz, OK Jazz ya Kinshasa. Muziki ninaouzungumzia leo ni ule wa Wamarekani weusi, ambao mpigaji huuchukua wimbo, akaushika uti wake, kisha akatunga juu yake papo hapo mbele ya wasikilizaji. Undugu upo, ila si muziki mmoja.

Waasisi wa kampuni hii walikuwa wanamuziki wawili waliokuwa hawajatimiza miaka thelathini au ndiyo kwanza wanaifikia. Charles Tolliver, mpiga tarumbeta, alizaliwa Jacksonville, Florida, mwaka 1942. Stanley Cowell, mpiga piano, alizaliwa Toledo, Ohio, mwaka 1941. Waliwahi kupiga pamoja katika kundi la Max Roach, bingwa wa ngoma, na wote wawili wanasikika katika santuri yake ya mwaka 1968, Members, Don't Git Weary. Roach huyo, pamoja na mpiga besi Charles Mingus, walikuwa wameanzisha kampuni yao wenyewe, Debut, mwaka 1952, maadam walikuwa wamechoka kuwatajirisha wengine. Kwa hiyo vijana wale hawakulibuni wazo la mwanamuziki kujimilikia kazi yake. Walilikuta nyumbani.

Mwaka 1969 waliunda kundi lao, Music Inc. Mwaka uliofuata wakaingia studioni wakiwa na bendi kubwa nyuma yao, wakarekodi, kisha wakaanza kubisha milango ya kampuni zenye majina. Hapana iliyofunguka. Ndipo walipoamua kuitoa santuri hiyo wenyewe mwaka 1971. Jina walilazima kulitafuta mbali kidogo: huko Detroit mpiga piano Kenny Cox na wenzake walikuwa na shirika lao liitwalo Strata, na hawa wa pwani ya mashariki wakajiita Strata-East. Mashirika hayo yalikuwa mawili, kila moja na hesabu zake.

Sasa tuutazame mkataba. Kawaida ya kampuni za santuri ni kumlipia mwanamuziki gharama za studio, kisha kuzikata gharama hizo katika mapato yake hadi senti ya mwisho, na baada ya hayo yote kubaki na kanda asili. Msanii hulipia nyumba ambayo hati yake imo mkobani mwa mtu mwingine. Strata-East iligeuza mambo. Mwanamuziki alijitafutia fedha za kurekodi, akaleta kanda iliyokamilika, na kampuni ikaichapisha na kuisambaza chini ya nembo yake. Kanda ilibaki mali ya aliyeileta, na sehemu kubwa zaidi ya mapato ikawa yake. Kampuni ilijichukulia sehemu ndogo ya kuendeshea kazi. Anayetoka Kericho au Murang'a atauelewa mpango huo upesi: mkulima hupeleka majani ya chai kiwandani, lakini shamba hapeleki.

Kwa utaratibu huo, katika miaka ya 1970 zilitoka santuri hamsini na ushei. Kwa kampuni iliyoendeshwa na wapigaji wawili ambao usiku walikuwa jukwaani, hilo si jambo dogo. Baadhi ya kanda zilikuwa zimekwisha kurekodiwa na kukosa pa kwenda. Mpiga saksafoni Clifford Jordan, mathalani, alikuwa amewarekodi wenzake kadhaa mwishoni mwa miaka ya 1960 akikusudia kuanzisha kampuni yake, mpango ukakwama, na kanda zikakaa. Miongoni mwazo ilikuwamo kazi ya Pharoah Sanders iliyorekodiwa Januari 1969, Izipho Zam. Mwaka huo huo wa 1969 kampuni kubwa ya Impulse ilimtoa Sanders huyo huyo katika santuri ya Karma, akavuma. Izipho Zam ilingoja hadi 1973, Strata-East ilipoichukua. Jina lake lina asili katika lugha za kusini mwa Afrika na maana yake ni "zawadi zangu". Msikilizaji wa Kibantu hahitaji msaada mkubwa kuliona neno zawadi linavyojikunja kwenye ngeli yake pale.

Iliyouzwa kuliko zote ni Winter in America ya Gil Scott-Heron na Brian Jackson, iliyotoka mwaka 1974. Ndani yake umo wimbo The Bottle, unaochezeka hadi mtu akasahau kwamba unawazungumzia walevi, watu waliokuwa na kazi na familia zao kabla chupa haijawameza. Umo pia utenzi wa kunena kuhusu kashfa ya Watergate, iliyomwangusha Rais Nixon mwaka huo huo. Kisha likatokea lile ambalo hutokea siku zote: msanii alipovuma, kampuni kubwa ikaja na kitita, naye akaenda. Simlaumu. Mlango uliokuwa na komeo mwaka jana ulikuwa umefunguliwa.

Kwa nini basi wahakiki walizipita santuri hizi? Sababu ya kwanza ni ya kibiashara, wala haina siri. Kampuni ndogo haina fedha za matangazo, haina mtu wa kuzunguka redioni, na humtegemea msambazaji ambaye hulipa anapotaka. Mhakiki naye huandika juu ya kilichowekwa mezani pake. Ya pili ni ya mtindo. Katika miaka ile macho yote yalielekezwa kwenye jazi iliyochanganywa na roki, magitaa na vinanda vya umeme, na kampuni kubwa zilikuwa zimewekeza humo. Muziki wa Tolliver na wenzake, wenye piano ya mbao na tarumbeta isiyo na waya, ulionekana kana kwamba umepitwa. Wengine waliuona mkali mno, wengine wakauona wa kizamani mno. Inashangaza jinsi santuri moja inavyoweza kulaumiwa kwa makosa mawili yasiyoweza kukaa nyumba moja.

Walioamka mapema hawakuwa wahakiki. Walikuwa wacheza santuri na wacheza dansi wa London, ambao mwanzoni mwa miaka ya 1990 walizisaka nakala kuukuu na kuzichezesha kwenye kumbi zao. Mwaka 1994 kampuni ya Soul Jazz ya huko Uingereza ilitoa mkusanyo wa nyimbo za Strata-East, na wengi wa kizazi kile walilijua jina hilo kupitia humo. Msomi alifuata nyuma ya miguu ya mcheza dansi. Mwaka 2013 kampuni ya Mosaic ikakusanya kanda za Clifford Jordan katika kasha moja, na humo ikatoka hata kazi ya mpiga ngoma Ed Blackwell ambayo ilikuwa haijawahi kuuzwa kabla ya hapo. Blackwell alikuwa amefariki zaidi ya miaka ishirini nyuma.

Mwaka huo wa 1994 una kisa kingine ambacho mwalimu anaweza kukitumia darasani bila kuwalaza wanafunzi. Kijana wa Queens, New York, aitwaye Nas alitoa santuri yake ya kwanza, Illmatic. Mmoja wa nyimbo zake, One Love, umetungwa kama barua kwa rafiki aliye gerezani. Chini ya maneno hayo inasikika sauti ndogo ya kudondoka, kama matone ya maji kwenye bati. Ni mbira, ala ile ya vijiti vya chuma inayochezwa kwa vidole gumba, maarufu sana Zimbabwe na yenye ndugu zake katika sehemu nyingi za Afrika. Wagogo wa Tanzania huiita ilimba. Mpigaji ni Stanley Cowell. Kipande hicho kilikatwa kutoka Marchin' On ya akina Heath, ndugu watatu wa Philadelphia, santuri iliyotolewa na Strata-East mwaka 1975. Wanafunzi wetu wengi wameisikia mbira hiyo mara elfu kupitia kwa Nas. Hakuna aliyewaambia ni mkono wa nani, wala ni kampuni gani iliyokuwa na moyo wa kuichapisha wakati hakuna aliyeitaka.

Na hapa tunafikia maandishi ya majalada. Jimmy Heath, mmoja wa ndugu wale watatu, alikuwa na mwana aitwaye James, ambaye dunia ilimjua kwa jina la Mtume. Mwaka 1972 kundi lake, Mtume Umoja Ensemble, lilitoa kupitia Strata-East santuri ya Alkebu-Lan, iliyorekodiwa mbele ya hadhira katika jumba la Brooklyn liitwalo The East. Ni Mtume huyu aliyempa Herbie Hancock jina la Mwandishi na kuwapa wapigaji wake majina ya Kiswahili: Jabali, Mganga, Mchezaji na mengineyo. Alikuwa amekipata Kiswahili katika harakati za Maulana Karenga, mwasisi wa sikukuu ya Kwanzaa ya mwaka 1966. Miaka mingi baadaye alipata umaarufu kwa wimbo Juicy Fruit wa mwaka 1983, ambao nao ulikatwakatwa na vijana wa rapu. Alifariki Januari 2022.

The East ilikuwa zaidi ya ukumbi wa muziki. Iliasisiwa mwaka 1969 na kundi la wanaharakati wakiongozwa na mwalimu aliyejiita Jitu Weusi, na ndani yake mlikuwa na shule ya watoto iliyoitwa Uhuru Sasa Shule. Najua mwalimu wa Kiswahili tayari ameshika kalamu nyekundu. Angesema "Shule ya Uhuru Sasa", na kuhusu jina la mwasisi angeuliza kama ni jitu jeusi au jitu la weusi. Vivyo hivyo, msomaji wa Lamu au Mombasa atashtuka kidogo kumwona mpiga ngoma anajiita Mtume. Ningeomba kalamu hiyo iwekwe chini kwa dakika chache. Watu hawa walikuwa wamenyang'anywa lugha za babu zao karne kadhaa nyuma. Walikichagua Kiswahili kwa sababu hakikuwa cha kabila moja na kwa sababu kilisikika katika sauti za uhuru wa Afrika. Wako waliowabeza kwa kusema kwamba wengi wa mababu zao walitoka Afrika ya Magharibi, ambako Kiswahili hakisemwi. Ni kweli, lakini mtu aliyepotezewa hati ya nyumba yake haulizwi kwa nini amebisha kwa jirani. Walikitumia Kiswahili kwa makosa ya upatanisho wa sarufi, huku sisi tuliozaliwa nacho tulikuwa tukiwapiga viboko watoto waliokisema shuleni.

Santuri ya mpiga besi Cecil McBee ya mwaka 1974 inaitwa Mutima. Mwanafunzi aliyesoma tenzi na mashairi ya arudhi hawezi kulipita neno hilo bila kusikia mtima, neno ambalo washairi wetu hulitumia kwa moyo pale vina vinapotaka. Sijaona mhakiki wa Kizungu akilisimamia neno hilo hata kwa sentensi moja. Huliandika kama vile mtu aandikavyo namba ya gari.

Badala yake wamebuni mfuko mmoja wa kutilia kila kitu: "jazi ya kiroho". Jina hilo linapendeza dukani na limesaidia kuuza. Lakini tazama linavyoficha mambo. Je, utenzi wa Watergate ni wa kiroho? Je, Two Is One ya Charles Rouse ya mwaka 1974, kazi ya fundi mkongwe aliyepiga miaka mingi pamoja na Thelonious Monk, ni ibada? Je, mshairi Jayne Cortez, aliyesoma mashairi yake makali mwaka huo huo huku Richard Davis akimsindikiza kwa besi katika Celebrations and Solitudes, alikuwa akifukiza ubani? Neno "kiroho" humfanya mwanamuziki mweusi awe mtu wa ndoto na uvumba, asiyejua hesabu. Watu hawa walijua hesabu sana. Walikaa na mawakili, wapiga chapa na wasambazaji, wakahesabu ni nani anabaki na nini. Mhakiki anayesifu uvumba na kuiacha hesabu amesifu nusu ya kazi, tena ile nusu isiyomtisha mtu yeyote.

Simaanishi kwamba mpango wao haukuwa na kasoro. Msanii aliyepaswa kuleta kanda iliyokamilika alihitaji fedha kwanza, na asiye nazo alibaki nje pamoja na kipaji chake. Wanawake waliotoa santuri kwa majina yao wenyewe humo walikuwa haba mno, na Cortez ni mmoja wa wachache hao. Usambazaji nao haukuwahi kupatiwa dawa. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970 kasi ilikuwa imepungua sana, na waasisi wakarejea kwenye kupiga na kufundisha. Cowell alikuwa profesa kwa miaka mingi, kwanza katika Chuo cha Lehman kilichoko Bronx, kisha Chuo Kikuu cha Rutgers. Kwa kipimo cha duka, kampuni ilishindwa.

Lakini kipimo cha duka kina upungufu wake. Sifa zilipokuja mwaka 1994, na tena 2013, na tena 2025, zilimkuta mwenye mali yupo. Aliyetaka kuzitoa santuri hizo upya ilimbidi ampigie simu Tolliver, au msanii, au warithi wake. Hakwenda kwenye ghala la kampuni iliyonunuliwa na kampuni iliyonunuliwa na kampuni nyingine, ambako karani hajui hata jina la marehemu. Hiyo ndiyo kazi ya mkataba ule: haukuharakisha sifa hata kwa siku moja, ila ulihakikisha kwamba siku zitakapofika zitaleta kitu mkononi pamoja na maneno.

Hebu tulinganishe na hapa nyumbani, kwa ufupi tu. Mwaka 2013, mwaka ule ule wa kasha la Clifford Jordan, kampuni ya Soundway ya Uingereza ilitoa Kenya Special, mkusanyo wa nyimbo zilizorekodiwa Kenya katika miaka ya 1970 na 1980, na wahakiki wa ng'ambo wakashangilia. Shangwe hiyo ilikuwa halali. Ila katika maduka na studio za Nairobi za enzi hizo, River Road na kwingineko, ilikuwa desturi mpigaji kulipwa mara moja, akatia sahihi au asitie, akapanda basi akarudi kwao. Kanda nyingine zilifutwa ili zirekodiwe nyimbo mpya, nyingine ziliharibiwa na unyevu. Zaidi ya mpigaji mmoja wa benga amezeeka huku wimbo wake ukichezwa arusini bila yeye kuwa na hata nakala.

Somo la muziki lipo katika shule zetu, na mwanafunzi hufundishwa noti, ala na ngoma za jamii. Sioni anapofundishwa kusoma mkataba. Ningependa kuona mwalimu mmoja, wa muziki au wa Kiswahili, akiwapeleka wanafunzi wake kwa mzee wa bendi aliye karibu na shule yao, si kwenda kumrekodi akiimba tu, bali kumwuliza: kanda iko wapi, iko kwa nani, na ulitia sahihi nini? Majibu yaandikwe kwa Kiswahili kizuri, yenye tarehe na majina, yawekwe maktabani. Wazee hao wanapungua. Cowell alifariki tarehe 17 Desemba 2020, zaidi ya miaka minne kabla ya hizi sifa za sasa.